Siku Bi Kidole Alipokuja Kwetu

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama jikoni, kifuniko cha birika mkononi, maji yanachemka mpaka yanamwagika na sina habari nayo, kwa sababu ya neno moja alilokuja nalo Fundi mlangoni.

Na wewe uliyelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, usiogope. Sogea nikupe ncha ya uzi, tushone pamoja.

Mimi ni bibi wa mjukuu mmoja wa kike ambaye mtaa mzima unamwita Kifutio. Jina hilo alilipata darasa la kwanza, maana kila alichokichora alikifuta, akakichora tena, akakifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Mama yake yuko nchi ya mbali kikazi, hivyo nimemlea mimi. Alipoacha ukarani kwenye duka la vigae ili achore katuni za mtandaoni, nililia kama nimefiwa.

Leo silii. Leo mimi ndiye sauti.

Naam, msishangae. Katuni zake zinatembea na kuongea, na kipenzi cha watu ni mama mkwe mmoja aitwaye Bi Kidole. Akiingia nyumbani kwa mwanawe, kabla hajaketi, hupitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akasema: "Mmmh! Hapa panaishi watu au panaishi vumbi?"

Sauti hiyo ni yangu. Mjukuu wangu hunifungia ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili mwangwi usiingie. Nami nasema humo gizani huku pindo la koti linanitekenya sikio na dawa ya nondo inaniwasha pua.

Balaa ni kwamba vituko vya Bi Kidole havikutoka kichwani mwa Kifutio. Vilitoka kinywani mwa Fundi, kijana anayetengeneza mafriji. Alikuja kutengeneza letu, na huku anakaza skrubu akawa anasimulia habari za mama yake. Kifutio akacheka, akachora. Wiki iliyofuata friji likaharibika tena. Na iliyofuata, tena. Friji lenyewe lilikuwa zima kuliko mimi, lakini mapenzi yakitafuta mlango hufungua hata wa friji.

Basi wakapendana. Mama yake Fundi akakubali kuja Jumamosi kutuona, azungumze na wazee, aseme kama anamtaka binti yetu au hamtaki. Tukafurahi, tukanunua mapazia mapya.

Ndipo Fundi akaja na lile neno.

"Bibi," aliniambia, kofia mkononi. "Mama anaangalia Bi Kidole. Jirani yake kamwonyesha. Sasa hakosi hata kipindi."

Hapo ndipo tulipoachana. Twende.

Kifuniko cha birika kiliniangukia mguuni, wala sikusikia maumivu mpaka kesho yake.

"Anacheka?" nikamuuliza.

"Hacheki, bibi. Anaangalia tu, mdomo kaubana hivi."

"Anajua kwamba ni yeye?"

"Mama akibana mdomo hakuna mtu anayejua anajua nini."

"Na kazi yenyewe anajua ni ya nani?"

"Hajui. Nilimwambia Kifutio anafanya kazi ya kompyuta. Sasa hapo uongo uko wapi?"

Kifutio alikuwa ameegemea friji, mikono kaikunja. "Akijua je?" akauliza.

Fundi akaikamua ile kofia kama inatoa maji. "Mimi ni mtoto wake wa pekee, na baba hayupo. Nakupenda, unajua. Lakini mama akisema hapana, siwezi kumpita mlangoni nikaenda kuoa. Sitaweza."

 Mjukuu wangu alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Namjua huyu mtoto. Akianza kufuta kisicho na doa, ujue moyo wake unavuja.

"Sikilizeni," nikasema. "Asijue. Jumamosi ipite, aseme ndiyo yake, tule biskuti, aende. Habari za katuni atazijua siku akiwa na mjukuu mapajani. Mtu mwenye mtoto mchanga mapajani hawezi kusimama akagomba."

Tukaanza kuficha. Kibao anachochorea Kifutio, kile cha kioo chenye kalamu yake, kikaenda chini ya godoro langu. Kompyuta ndani ya oveni, kwani oveni yetu haijawahi kuwaka tangu tuhamie. Kipaza sauti nikakitumbukiza kwenye kopo la unga, halafu nikagombezwa, nikakitoa, nikakipangusa kwa brashi ya nyusi. Picha za Bi Kidole zilizobandikwa ukutani tukazibandua moja moja, na pale zilipokuwa rangi ikabaki mpya, ikabidi tutundike kalenda nne. Mgeni akiingia angedhani sisi ni watu wa kuogopa kupitwa na tarehe.

Tulipomaliza tukaketi kupumua. Fundi akanitazama. Kifutio naye akanitazama.

"Nini?" nikasema.

"Hiyo," akasema Fundi. "Hiyo sauti."

"Sauti yangu ina nini?"

"Bibi, mama ana sikio. Ukimwambia 'karibu' tu, kwisha habari yetu."

"Nitaibadilisha." Nikabana pua, nikasema kwa sauti nyembamba: "Karibu sana mama, keti hapa."

"Bibi, huyo ni paka wa Bi Kidole," akasema Kifutio.

Nikashusha sauti mpaka tumboni. "Karibu, mama."

"Huyo ni mwenye nyumba wake."

Nikajaribu ya kukwaruza. Hiyo ikawa ni ya shangazi mlevi, kipindi cha harusi. Nikajaribu ya upole na haya, ikawa ni ya mkwe mwenyewe. Jamani, nilikuwa nimezitumia zote! Sikubakiwa na sauti hata moja ya kupokelea mgeni nyumbani kwangu.

"Basi bibi asiongee kabisa," akasema Fundi.

Mimi! Mimi ambaye daktari aliniambia nisiongee wakati ananipima presha, na hata hilo lilinishinda.

Tukakubaliana hivi: Nina mafua, sauti imekauka. Nitajifunga skafu shingoni na kuitikia kwa kichwa. Wa kuzungumza atakuwa mdogo wangu wa kiume, ambaye tunamwita Dereva kwa sababu aliendesha malori mpaka alipostaafu. Ni mtu mzuri mno, ila kichwa chake kinashika barabara tu. Atakutajia kila kona kati ya hapa na mpakani, lakini ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti.

"Useme nini?" nikamhoji Jumamosi asubuhi, huku namfunga vifungo vya koti.

"Dada yangu ana mafua, sauti imekauka."

"Tena."

"Dada, mimi nimepeleka lori la mafuta mlimani bila breki. Nitashindwa na mafua?"

Kwa nini sauti imekauka, na inafichwa ya nini, hatukumwambia. Tuliona tukimjaza mengi yatamwagika. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza, na wala si kubwa kuliko yote.

Hodi ikapigwa.

Akaingia mama mmoja mfupi, amenyooka kama rula, gauni limepigwa pasi mpaka mistari inakata. Mkoba mweusi mkononi. Leso nyeupe kaichomeka kwenye mkono wa gauni, vilevile, upande uleule tuliomchorea Bi Kidole. Nyuma yake Fundi, uso umemwiva kwa jasho kana kwamba kapanda ngazi za ghorofa kumi, na sisi tunakaa ya tatu.

"Shikamoo mama," akasema Kifutio, kapiga goti kidogo.

"Marahaba, binti."

Pale mlangoni tuna rafu ya viatu. Yule mama akasimama mbele yake. Akainua mkono. Akapitisha kidole juu ya rafu, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Akakitazama.

Nawaambieni, maneno yangu yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi. Hapa panaishi watu au... Nikayameza kama kidonge kikavu bila maji. Kifutio akainama kupanga viatu vilivyokwisha pangwa ili asionekane uso.

 Mama Fundi alikifuta kidole kwa leso, akaingia sebuleni.

"Karibu sana, mkwe wetu!" Dereva akapaza sauti kama anaita abiria. "Keti, keti. Huyu hapa ni dada yangu, ndiye mkubwa wa nyumba hii. Umsamehe, leo haongei. Ana..."

Akasimama. Akanitazama. Nikajigusa shingo. Nikajigusa tena, kwa nguvu. Naye akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyekiona kibao cha barabarani alichokuwa akikitafuta.

"Ana jino!" akasema.

Ningefanya nini? Niliipandisha skafu kutoka shingoni mpaka shavuni, nikaifunga fundo utosini, nikagugumia: "Mmmmh."

"Jino?" akasema Mama Fundi, na macho yake yakawaka.

Nikamwona Fundi anafumba ya kwake.

"Linauma tangu lini? Wamelitazama? Limevimba? Limetoboka?" Alikuwa ameshaweka mkoba mezani na kuanza kukunja mikono ya gauni. "Hukuwaambia, mwanangu, kazi niliyokuwa nafanya?"

"Sikufikiria, mama," akasema Fundi kwa sauti ya mtu anayezama.

"Bibi, mimi nilikuwa muuguzi kliniki ya meno mpaka nikastaafu. Njoo hapa dirishani kwenye mwanga."

"Hiyo sasa ni bahati!" akasema Dereva. "Dada, umeona Mungu anavyopanga?"

Nikamtazama mdogo wangu kwa jicho ambalo, lingekuwa kisu, tusingekuwa naye leo.

Mama Fundi alivuta kigoda, akakifuta kwa leso, akanikalisha. Akafungua mkoba, akatoa tochi ndogo. Tochi! Nani anakwenda kuzungumza mambo ya posa na tochi? Akaifungua skafu kwa ustadi, akaikunja, akaiweka begani kwangu.

"Ni upande huu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Fungua."

Nikafungua. Akachungulia. Akanigeuza kichwa, akachungulia tena. 

"Bibi," akasema, "upande huu huna jino hata moja."

 Friji likanguruma huko jikoni, zima kabisa.

"Labda linauma pale lilipokuwa," akasema Dereva. "Mimi nilikuwa na utingo mmoja, amekatwa kidole cha mguu, basi mvua ikikaribia anajikuna hewani."

"Sema aaa," akaniamuru Mama Fundi.

Nikasema aaa kwa pumzi tu, bila sauti, kama tairi linalovuja.

"Eee."

Eee.

"Ooo."

Ooo. Na hapo mkono wake ukasimama. Akaishusha tochi, akaiinua tena. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande kama mtu anayetazama picha iliyotundikwa.

"Ooo, tena," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hapa lazima niwaeleze kazi ya mjukuu wangu inavyofanyika, la sivyo hamtaelewa nilivyoumbuka. Katuni ikiongea, uso wake haubadiliki. Kinachobadilika ni mdomo. Mchoraji huchora mdomo wa aaa, mdomo wa eee, mdomo wa ooo, na mingine kadhaa, halafu huipachika mmoja baada ya mwingine kufuata sauti, na wewe unayetazama unaona mtu anasema. Sasa midomo hiyo Kifutio aliitoa wapi? Alinikalisha kwenye kigoda hikihiki, dirisha hilihili, akaniambia niseme herufi hizohizo, akachora alichokiona. Pengo langu la mbele. Jino langu la chini lililomwegemea mwenzake kama mlevi aliyepata nguzo. Kila kitu. Watu husema ndiyo maana Bi Kidole anachekesha, mdomo wake unajaza kioo kizima.

Tulikuwa tumeficha kibao. Tumeficha kompyuta, picha, kipaza sauti. Tumeficha hata sauti yenyewe. Mdomo tukauacha palepale usoni mwangu.

"Mimi sura za watu nasahau," akasema Mama Fundi polepole. "Majina ndiyo kabisa. Lakini mdomo niliowahi kuuona sisahau." Akazima tochi. "Huu ni mdomo wa Bi Kidole."

Hakuna aliyepumua. Isipokuwa mdogo wangu.

"Kumbe unamjua!" akasema Dereva, kifua kimemjaa. "Ndiye yeye! Dada yangu huyu, nchi nzima wanaisikia sauti yake! Na mchoraji ni huyu hapa mjukuu, peke yake, kila kitu anafanya mwenyewe. Mkwe, umepata kito!"

Kifutio aliketi chini, pale pale sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu. Sikuwa na la kuficha tena.

"Mkwe," nikasema kwa sauti yangu yote, "nisamehe."

Mama Fundi akaweka mkono kifuani. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Jamani, ndiyo yenyewe!"

Akacheka.

Alicheka mpaka akashika dirisha. Alicheka mpaka leso ikatoka kwenye mkono wa gauni ikaenda machoni. Sisi tukabaki tunatazamana, hatujui tucheke au tukalete maji.

"Mlimjulia wapi?" akauliza akihema. "Nani aliwaambia habari za mama mkwe wangu?"

"Mama mkwe... wako?" nikasema.

"Yule bibi yake huyu kijana! Mama wa marehemu mume wangu. Kidole juu ya kabati, ni yeye. Kunusa mashuka, ni yeye. Mimi pale kwa jirani najibana nisicheke, maana jirani yule ana maneno, lakini nikirudi kwangu nacheka mpaka mbavu zinauma. Na ile ya kufuta vijiko! Mtu umeviosha mwenyewe kwa mikono yako, yeye anavifuta tena mbele yako!"

Huku akisema hivyo akaketi mezani, akachukua kijiko cha chai tulichomwekea, akakifuta kwa leso. Mbele. Nyuma. Na mpini.

Tulimwona sote. Hakuna aliyekohoa.

"Mwanangu," akamwambia Fundi, "sikujua kama unamkumbuka bibi yako kiasi hicho. Ulikuwa mdogo mno."

Mungu amefunika, nikasema moyoni. Dereva akamimina chai. Kifutio akainuka sakafuni, akaleta biskuti, na mgeni akala, akasifu, akauliza kazi ya katuni inachukua muda gani na macho hayamuumi? Akasema wazi kwamba alikuwa na wasiwasi na hiyo "kazi ya kompyuta", alidhani ni utapeli, lakini hii anaielewa, hii ni kazi ya mikono. Akasema ana visa vingine vya yule mama, vya kujaza mwaka. Kisha akakiweka chini kikombe, akajifuta midomo, akanyoosha mgongo kama mtu anayetaka kutamka jambo lake.

Neno lilikuwa limebaki moja tu. Nililiona kabisa linakuja.

"Mama," akasema Fundi, na akasimama.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Aliyelalamika ni Dereva.

"Si bibi," akasema Fundi.

"Si bibi nini?"

"Bi Kidole. Bibi simkumbuki hata sura. Ni wewe, mama. Mimi ndiye niliyemsimulia Kifutio, naye akachora. Nilikuwa nasimulia kwa mapenzi, lakini nilisimulia." Kofia yake hakuwa nayo, akawa anakamua mikono mitupu. "Sitaki kumwingiza mke nyumbani kwako kwa uongo, halafu kila kipindi kikitoka tukae tunakuchungulia kama umegundua."

Mama Fundi alikuwa amekishika kijiko tena, kimezungukwa na leso. Akakitazama. Akaitazama leso.

"Mimi?" akasema.

"Wewe, mama."

"Kidole?"

"Kidole."

"Na mashuka?"

"Na mashuka."

"Hata ile ya kupima nafasi kati ya kiti na kiti kwa kiganja?"

"Uliifanya Jumanne, mama."

Akakiweka kijiko chini bila mlio. Dereva akasema chai inapoa. 

Mama Fundi akasimama, akachukua mkoba wake. Fundi akamtazama Kifutio mara moja tu, kisha akaanza kumfuata mama yake. Nilijua hatageuka. Alishatuambia hataweza.

"Mama, subiri." Kifutio alikuwa ameshafika jikoni. Tukasikia oveni inafunguliwa. Akarudi na kompyuta kaikumbatia, kibao amekwenda kukichomoa chini ya godoro, nywele zimemsimama. Akaiweka mezani, akaifungua. "Vyote viko hapa. Vipindi vyote vya Bi Kidole. Nikibonyeza hapa vinaondoka, na mtandaoni vinaondoka, havitarudi tena. Nitachora mambo mengine. Nitachora paka."

Mwaka mzima wa mgongo kuinama! Nilitaka kusema, mjukuu wangu, usifanye. Lakini nikauona uso wake, nikanyamaza kwa hiari yangu, na wanaonijua watawaambia hilo halijawahi kutokea.

Kidole chake kikasogea.

"Acha!" akasema Mama Fundi.

Kikasimama.

"Ukivifuta leo, yule jirani atasema nini? Atasema nimejitambua! Mtaa mzima utajua." Akarudi, akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. "Usiguse kitu."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka mzima mmenisemea," akasema. Hakuwa akifoka, na afadhali angefoka. "Mmenisemea nyumbani kwa watu, kwenye masaluni, kwenye simu za watoto. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza, mama, wewe hasa unasemaje? Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi mnanijua sana. Haya. Nimekuja hapa leo na neno langu, liko humu." Akajigonga kifuani. "Wewe binti, chora. Wewe bibi, sema, kwa sauti hiyohiyo. Nisemeeni. Bi Kidole amekuja kuangalia mchumba wa mwanawe wa pekee, sasa anatoa jibu. Mkilipata lililomo humu, mwanangu ataoa hapa. Mkilikosa tunashuka ngazi, na asirudi nyumba hii hata friji likiwaka moto."

"Mama, hiyo si..."

"Kaa."

Fundi akakaa.

Kifutio alivuta kibao, akashika kalamu. Nami nikamwinamia sikioni. "Niandikie maneno, upesi."

"Sina, bibi," akanong'ona. "Yote yalikuwa yanatoka kwa Fundi."

Na kweli. Kila siku nilikuwa napewa karatasi, naingia kabatini, nasoma. Leo hakuna karatasi, hakuna kabati. Kuna mwanga wa dirisha na mwenye maneno yake ameketi mbele yangu ananitazama mdomoni.

Nikamtazama na mimi. Tangu aingie nilikuwa natazama vituko vyake tu, leso, kidole, tochi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Sasa nikauona mkono ulioshika mkoba. Ulikuwa umekamata mkanda kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Nami nikakumbuka uwanja wa ndege, na binti yangu, mama yake Kifutio, anaburuta sanduku jekundu, na mimi namfokea kwamba amefunga sanduku vibaya, kwa sababu neno lingine lilikuwa halitoki.

Nikapandisha bega moja juu, kama anavyofanya Bi Kidole. Nikasukuma kidevu mbele. Kalamu ya Kifutio ikagusa kioo.

"Mwanangu..." nikaanza.

"Hapana!"

Mama Fundi alikuwa ameinua mkono. Fundi akaruka kitini. Dereva akamwaga chai. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Sijasema nimekataa," akasema. "Nasema sivyo. Mimi nikiwa na jambo zito la kusema, huanza kwa kukohoa."

Nikakohoa.